Kiaroskuro: Mtakatifu Kristofa wa Cranach, vibao viwili na karatasi tupu. Tuichambue na tuichape

Patasi_Kali (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila tukizungumzia chapa za mbao hapa jukwaani linarudi swali lile lile: zile picha za kidini za Ulaya za miaka ya 1500 zinazoitwa kiaroskuro, zenye rangi moja ya udongo au ya kijani, mistari myeusi juu yake, na mng'ao mweupe kama umepakwa kwa brashi, zilitokaje kwenye mbao? Nimeona tushike picha moja tuivue nguo zote, badala ya kuzungumzia kumi kijuujuu.

Picha ni Mtakatifu Kristofa ya Lucas Cranach, mchoraji wa ikulu ya Saksonia pale Wittenberg. Ukubwa wake ni kama sm 28 kwa 19. Jitu Kristofa limeinama, limemchukua Mtoto Yesu mabegani linavuka mto, na joho linapeperuka. Imechapwa kwa vibao viwili tu. Cha kwanza ni kibao cha mistari, chenye mchoro mzima kwa wino mweusi. Cha pili ni kibao cha rangi, kinachofunika karibu karatasi yote kwa rangi moja ya kati (kati ya nyeusi na weupe wa karatasi), isipokuwa sehemu zilizochongwa zikaondolewa.

Hizo zilizoondolewa ndizo mwanga. Hakuna wino mweupe popote pale. Weupe wa shavu la Mtoto, mkunjo wa joho, povu la maji, yote ni karatasi yenyewe inayochungulia mahali patasi ilipopita. Aliyewahi kutengeneza batiki atanielewa haraka: unapaka nta mahali unapotaka pabaki peupe, kisha rangi inaenea kwingine kote. Huku kazi ya nta inafanywa na shimo kwenye mbao.

Kwa hiyo kibao cha rangi hakipo kwa ajili ya "kupaka rangi" mchoro. Kinageuza karatasi nyeupe kuwa karatasi ya rangi ya kati, halafu kinaacha miali. Wachoraji wa wakati ule walizoea kuchora kwa kalamu nyeusi juu ya karatasi iliyopakwa rangi, kisha kuongeza mng'ao kwa brashi ya rangi nyeupe. Kiaroskuro ni mchoro wa aina hiyo, ila unaoweza kutolewa nakala nyingi. Jina lenyewe ni la Kiitaliano, maana yake mwanga na kiza.

Sasa tarehe, maana hapa wengi hudanganyika. Kwenye kibao pamechongwa 1506. Lakini pamechongwa pia nyoka mwenye mabawa, nembo ya Cranach, na nembo hiyo alipewa na Mteule Frederick, mtawala wa Saksonia, mwanzoni mwa 1508. Nembo haiwezi kutangulia kutolewa kwake. Kibao cha mistari hakiwezi kuwa cha kabla ya 1508, na wataalamu wengi huiweka picha hii karibu na 1509. Sababu inayotajwa sana ni ushindani: kule Augsburg, mji mwingine wa Ujerumani, mchoraji Hans Burgkmair alikuwa ameshatoa chapa za rangi zenye tarehe 1508, na tarehe ya nyuma ilimweka Cranach mbele yake.

Zipo pia nakala za Kristofa zilizochapwa kwa mistari mitupu, bila rangi, na bado picha inasomeka yote. Shikeni hilo, tutalihitaji tukifika Italia.

---

Wino_Mzito

Shukrani mkuu. Niongezee kidogo kwenye huo ushindani, kwa sababu ulianza na dhahabu. Mwaka 1507 Cranach alichapa Mtakatifu Joji kwa dhahabu juu ya karatasi iliyopakwa rangi ya buluu. Nakala mojawapo iko British Museum. Conrad Peutinger, karani wa mji wa Augsburg, akaipata kutoka kwa Frederick, na mwaka 1508 akamjibu kwa kumpelekea chapa za dhahabu na fedha zilizotengenezwa kwao. Ni Burgkmair huyo huyo, na Mtakatifu Joji wake.

Dhahabu haichapwi kama wino. Kibao hupakwa kitu cha kunata, kinachapwa, dhahabu inawekwa juu ikiwa bado inanata, na isiyoshika inapanguswa. Ndiyo maana nyingi zimepukutika. Wino wa kawaida wa mafuta ulikuwa imara zaidi na wa bei nafuu, na ndio uliobaki.

---

Mchongaji_Tanga

Tupe hatua mkuu. Mbao gani, patasi gani, na vibao viwili vinakaaje sawasawa juu ya karatasi moja? Nikijaribu, mistari inaenda kushoto na rangi inaenda kulia.

---

Patasi_Kali

Twende polepole, maana kukaa sawasawa kunaanza kabla hujachonga kibao cha pili.

*Mbao.* Ulaya walipenda mti wa peasi: nyuzi zake ni laini, vinyweleo havionekani, haupasuki ovyo. Ubao unapasuliwa kwa urefu wa nyuzi, unene sm 2 hadi 2.5, unapigwa randa mpaka uwe bapa kabisa. Vibao vyote vya picha moja vitoke kwenye ubao mmoja uliokauka vizuri, na nyuzi zielekee upande mmoja, ili hewa ikibadilika vitanuke pamoja.

Kwetu huku, mninga na mvule vinavutia macho lakini nyuzi zake zimepishana na vinyweleo ni vikubwa. Mstari wa nusu milimita utakatika, na sehemu tambarare itatoka na madoa ya vinyweleo. Mpingo una nyuzi laini sana ila utakumaliza mikono. Jakaranda, ule wanaochongea vinyago Kenya, unachongeka vizuri kwa kibao cha rangi. Kwa mwanzo linoliamu inatosha, au plaiwudi nzuri isiyo na mapengo kwenye tabaka la juu.

*Kibao cha mistari.* Mchoro unabandikwa kwenye ubao ukiwa umegeuzwa, kushoto kuwe kulia. Kila mstari unakatwa kwa kisu pande zote mbili, kisu kikilala kuelekea nje, ili mstari uwe mpana chini na mwembamba juu, kama tuta la shamba. Ukikata wima, mstari utavunjika nakala ya tano. Ukikata kuelekea ndani chini ya mstari, utang'oka wenyewe siku hiyo hiyo. Ukishapita kisu, ondoa mbao ya katikati kwa patasi ya kijiko, kina mm 2 mahali pembamba na mm 4 au 5 mahali papana. Mahali papana panahitaji kina kwa sababu rola ya kupakia wino huzama na karatasi hulegea katikati.

*Kuhamisha mchoro kwenda kibao cha pili.* Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usichore upya kwa mkono. Paka wino kibao cha mistari, chapa juu ya karatasi ya plastiki ngumu, kisha geuza plastiki hiyo juu ya kibao cha pili na usugue. Wino unahamia. Mchoro unageuka mara mbili, kwa hiyo unakaa kwenye kibao cha pili kama ulivyo kwenye cha kwanza. Nyunyizia poda kidogo usichafuke wakati unachonga.

Kwa nini plastiki na si karatasi? Karatasi iliyoloweshwa hutanuka. Karatasi ya sm 28 ikitanuka kwa asilimia 1 tu, hiyo ni karibu mm 3. Ukihamisha kwa karatasi yenye maji, na imeanza kukauka unapoisugua kwenye kibao cha pili, umechonga kibao chenye kipimo kingine kabisa. Hakuna namna ya kukirekebisha baadaye. Mkuu wa Tanga, dalili yako ikiwa ni upande mmoja unakaa sawa na mwingine umeachana, basi tatizo ni hili. Ikiwa picha yote imesogea kwa kipimo kile kile, tatizo liko kwenye kuweka karatasi.

*Kibao cha rangi.* Unachonga mwanga tu. Anza na mng'ao mdogo kabisa, chapa, tazama, ongeza. Mbao iliyotoka hairudi. Miali ya Cranach kwenye joho ni kama majani ya nyasi: imeanza nyembamba, ikanenepa, ikaisha na ncha. Patasi ya V inatoa umbo hilo ukiizamisha taratibu na kuinyanyua taratibu kwa mkono mmoja usiosimama. Na usifuate mistari myeusi ukaijaza mwanga kati yake kama kitabu cha watoto. Acha mwanga ukatize mistari. Mwanga una njia yake, unatoka upande mmoja, na mistari inaeleza umbo.

---

Binti_Karatasi

Niingie kwenye kuweka karatasi na maji, maana kaka hapo juu ameligusa tu.

Njia rahisi kwa meza ya nyumbani: tengeneza fremu ya mbao ambayo kibao kinakaa ndani yake bila kucheza, vibao vyote viwe na ukubwa ule ule hadi nusu milimita. Pembeni ya fremu bandika vipande viwili vya kadi nene: kimoja kwenye kona, umbo la L, kingine upande wa chini, mbali na kona. Karatasi inagusa kona kwanza, kisha upande wa chini, ndipo unailaza. Daima kona ile ile ya karatasi. Weka alama ya penseli nyuma. Wachapaji wa vitabu wa zama zile walikuwa na sindano kwenye mtambo zinazotoboa ukingo wa karatasi, na katika chapa ya pili karatasi inarudishwa kwenye matundu yale yale.

Karatasi iwe ya pamba, gramu 120 hadi 160. Jioni lowesha karatasi moja, weka mbili kavu juu yake, lowesha nyingine, hivyo hivyo. Funga kwenye plastiki, weka uzito juu hadi asubuhi. Unyevu utakuwa umesambaa sawa. Ukiishika iwe baridi na laini, isiwe inang'aa maji. Kati ya kibao cha kwanza na cha pili irudi kwenye plastiki mara moja, maana dakika kumi mbele ya feni zinatosha kuifanya isinyae. Na kwa joto la pwani usiiache humo zaidi ya siku mbili, itaota ukungu. Friji inasaidia.

Kama unachapa kwa kusugua na mgongo wa kijiko, weka karatasi nyembamba kavu juu ya karatasi yako ili usiitoboe, anza katikati, malizia kingo.

---

Wino_Mzito

Na wino jamani. Rangi ikikolea sana, mistari haionekani na mwanga unapiga kelele. Ikiwa nyepesi mno, mwanga haupo kabisa.

Kwa kibao cha rangi changanya sehemu 1 ya wino wa udongo (wa manjano au wa kahawia) na sehemu 3 za mafuta mazito yasiyo na rangi, yale ya kitani yaliyopikwa. Ukiona umekuwa laini sana, ongeza unga wa magnesia kaboneti mpaka wino ukiunyanyua kwa kisu uanguke kwa kukatika, usichuruzike. Mtihani wa rangi: chapa kipande, kiweke mbele yako, finya macho nusu. Rangi iwe katikati ya nyeusi na karatasi, au ielekee kidogo kwenye karatasi.

Kwa kibao cha sm 28 kwa 19 anza na mililita 5 za wino kwenye kioo cha kusambazia, baada ya hapo ongeza nusu hadi moja kwa kila nakala. Rola ikitoa sauti ya kunong'ona, wino unatosha. Ikitoa sauti ya kubandua plasta, umezidisha.

Mpangilio: rangi kwanza, mistari mwisho. Wino wa kwanza uwe unanata kuliko wa pili. Ukigeuza, kibao cha mistari kitabandua rangi uliyoiweka na utaona mistari ina madoa ya udongo ndani yake. Ukiamua kusubiri, siku moja inatosha. Usitie dawa ya kukausha nyingi, kwa sababu tabaka likikauka likawa gumu kama varnishi, wino wa mistari unateleza juu yake na kujikusanya matone.

Makosa mengine mtakayoyaona: ukingo mweusi kila upande wa mstari ni wino mwingi au mgandamizo mwingi. Madoadoa meupe kama chumvi kwenye sehemu tambarare ni karatasi kavu mno au wino haba. Duara la mafuta linaloonekana nyuma ya karatasi ni mafuta yaliyozidi kwenye wino, na litageuka kahawia baada ya miaka.

---

Msomi_wa_Chapa

Uzi mzuri sana. Lakini mbona mnamsahau aliyevumbua jambo hili? Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii wa Italia, ameandika wazi kwamba ni mchongaji Ugo da Carpi, na Ugo mwenyewe mwaka 1516 aliomba Seneti ya Venesia impe haki ya pekee kwa "njia mpya" ya kuchapa kwa mwanga na kiza.

---

Patasi_Kali

Ombi lipo kweli, ndugu, na Vasari aliandika hivyo. Ila 1508 na 1510 zinatangulia 1516. Mwaka 1510 Burgkmair, akiwa na mchongaji Jost de Negker kutoka Antwerp, alitoa picha ya wapenzi wanaovamiwa na Mauti kwa vibao vitatu, na hakuna hata kimoja kinachobeba mchoro wote peke yake. Wazo lilianzia Ujerumani.

Alichofanya Ugo Italia ni kulipeleka mbali. Nilisema mshike habari ya nakala za mistari mitupu. Chukua Kristofa, ondoa rangi, picha bado ipo. Chukua picha za Ugo za baadaye, ondoa vibao vingine ubaki na cheusi tu: unaona vipande vya kivuli, nusu ya mguu, mkunjo usio na mwili. Mwili unatengenezwa na vibao vyote vikikutana, kama madoa ya brashi. *Diogenes* yake, kutoka kwa mchoro wa Parmigianino, mchoraji wa Italia, ina vibao vinne vya namna hiyo. Si picha ya kidini, lakini kwa ufundi hakuna iliyoipita.

Kwa za kidini tazama *Kifo cha Anania*, 1518, kutoka mchoro wa Raphael aliouandaa kwa mazulia ya ukutani ya Kanisa la Sistina. Ni kisa cha Matendo ya Mitume sura ya 5: mitume wamesimama juu ya jukwaa, Anania ameanguka mbele yao, watu wanarudi nyuma kwa hofu. Chini yake Ugo alichonga onyo la Kilatini: atakayechapa picha hii bila idhini ya mwenyewe atapata adhabu ya kutengwa na Kanisa, kwa amri ya Papa Leo X na ya Seneti ya Venesia. Onyo la hakimiliki chini ya picha ya mtu aliyekufa kwa kuficha fedha. Sijui kama alikusudia, lakini kila nikiitazama hunisimamisha.

---

Binti_Karatasi

Na wizi haukukoma. Vasari anasimulia kwamba Antonio da Trento, aliyekuwa akimchongea Parmigianino kule Bologna, aliondoka na vibao, chapa na michoro ya bwana wake wakati bwana bado kalala. Chapa zikapatikana baadaye, michoro ikapotea. Huyo Antonio ndiye aliyechonga *Kuuawa kwa Watakatifu Wawili*, vibao vitatu. Itafuteni: kibao chepesi kinabeba mwanga, cha kati kinajenga misuli, cheusi kinafunga.

---

Mchongaji_Tanga

Nimewasoma wakuu. Swali moja zaidi: ukikutana na picha kama hii mnadani au kwenye kitabu chenye picha kubwa, unatambuaje kama rangi imechapwa kwa kibao na si brashi iliyopita baadaye?

---

Patasi_Kali

Tumia kioo cha kukuza mara 10 na taa ya pembeni.

Rangi ya kibao ina ukingo mzito kidogo pale mbao ilipoishia, kwa sababu mgandamizo husukuma wino nje. Rangi ya brashi ya maji hutuama, ina ukingo uliokauka kama alama ya chai mezani, na ndani yake unene haulingani. Geuza karatasi: kibao kimeacha mbonyeo, hasa kuzunguka sehemu za mwanga. Kama mwanga umepakwa kwa rangi nyeupe, utakaa juu ya mistari myeusi. Kama ni karatasi, mistari itapita juu yake.

Kisha tazama umri wa kibao. Vidoa vyeupe vya mviringo kamili, kama vilivyotobolewa kwa sindano nene, ni njia za wadudu waliokula mbao. Kwenye kibao cha mistari hukata mstari. Kwenye kibao cha rangi huacha nukta nyeupe mahali ambapo mwanga hauna kazi, kwa mfano katikati ya kivuli. Mstari mweupe ulionyooka unaokatiza picha yote kwa mwelekeo wa nyuzi ni ufa. Vitu hivi vikiwapo, nakala ni ya baadaye kuliko ile isiyo navyo. Andrea Andreani, mwanzoni mwa miaka ya 1600 kule Mantua, alipata vibao vingi vya watangulizi akavichapa upya na kuchonga alama yake ya herufi mbili za A. Alama yake kwenye picha ya mwingine inakueleza nani alichapa, haikuelezi nani alichonga.

Makumbusho ya British Museum na ya Metropolitan ya New York wameweka nakala zao mtandaoni kwa ukubwa unaoruhusu kazi hii. Fungua nakala mbili za picha moja bega kwa bega. Utaona kibao kile kile, rangi tofauti, na karatasi imesogea milimita moja huku na huku. Hata wachapaji wale wa zamani hawakupata kila mara.

---

Mchongaji_Tanga

Basi nianze na vibao vitatu moja kwa moja, au viwili?

---

Binti_Karatasi

Viwili, kaka. Sm 10 kwa 15, mtu mmoja, nguo yenye mikunjo, mwanga kutoka kushoto. Kabla ya kuchonga, uchore kwa kalamu nyeusi juu ya karatasi ya kaki na chaki nyeupe. Kila ulipopaka chaki ndipo patasi itapita. Chaki ikizidi theluthi ya picha, punguza, rangi ya kati haitapata pa kukaa. Chapa nakala kumi. Tano mfululizo zikikaa ndani ya nusu milimita, ndipo uchonge cha tatu.